Tanuri la Sikudhani na Sheria ya Mwili Mmoja

Hapo kale, si kale ya mababu bali kale ya mwaka wa fedha uliopita, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake hatulitaji, kwa sababu nchi yenyewe hutoza ada kila inapotajwa. Ilikuwa nchi njema sana. Ilikuwa na bendera yenye rangi nyingi kuliko bendera za majirani, bunge lenye viti vinavyozunguka, na Mamlaka ya Jasho la Taifa, ambayo kazi yake ilikuwa kuwapitia wananchi wanaotoka jasho na kuchukua fungu lake kabla halijakauka. Wananchi, kwa mapenzi, waliiita Jasho tu.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani binti Mbaruku, mwoka mikate. Alikuwa na tanuri la udongo alilolijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba aliyoachiwa na mama yake, na mikate ya mofa na boflo iliyotoka humo ilikuwa na sifa hadi mtaa wa pili. Aliajiri wanawake wawili, Mama Tatu na mdogo wake. Alilipa kodi kwa jina lake, bila kusukumwa, na mwaka mmoja Jasho lilimtunuku kalenda yenye picha ya Kamishna Mkuu. Aliitumia kufunikia unga.

Halafu akapenda, na hapo ndipo serikali ilipoingia.

Aliyempenda ni Mwalimu Nyange, wa jiografia, mtu mpole mwenye sauti ya kusomesha. Alikuja kununua boflo kila asubuhi. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani aliendelea kuja asubuhi vilevile, akanunua boflo lake na kusimama nalo mkononi, ilhali amefunga na hawezi kulila, mpaka Sikudhani akacheka na kujua kwamba huyu hakufuata mkate. Posa ikaletwa, mahari ikapokewa, ndoa ikafungwa. Watu wakala pilau, wakapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeikumbuka Sheria ya Mwili Mmoja.

Sheria hiyo ilipitishwa siku ambayo wabunge walikuwa na njaa. Kamishna Mkuu wa Jasho, Mheshimiwa Dokta Baragumu, aliieleza mwenyewe uwanjani, chini ya mwavuli ulioshikwa na watu wawili.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mume na mke ni mwili mmoja. Na mwili mmoja una kichwa kimoja! Nani kati yenu amewahi kuona mwili wenye vichwa viwili? Huo ni ugonjwa! Na serikali yenu sikivu haitakusanya kodi kutoka kwa ugonjwa!"

Wananchi walipiga makofi kwa muda mrefu, maana milango ya uwanja ilikuwa bado imefungwa.

Maana ya sheria ilikuwa nyepesi. Mwenye kipato kidogo hutozwa kidogo, na mwenye kipato kikubwa hutozwa kikubwa. Basi ukiwachukua watu wawili wa kipato kidogo ukawashona pamoja, unapata tajiri mmoja, na tajiri ni lazima akamuliwe. Hivyo ndivyo nchi ile ilivyopambana na umaskini: iliwaozesha maskini, ikawahesabu upya, ikatangaza kwamba wamepungua.

* * *

Kwa desturi ya watu wa kule, bwana na bibi arusi hukaa ndani fungate nzima, siku saba, hawatoki wala hawaguswi na kazi. Shangazi Chausiku, aliyekuwa somo, yaani kungwi, wa bibi arusi, aliketi barazani kuzuia wambea. Na kwa sheria ya Jasho, maharusi walitakiwa kufika ofisini wote wawili, kwa miguu yao, ndani ya siku hizohizo saba, kutangaza kwamba hali yao imebadilika. Wapo waliodhani aliyeitunga sheria hiyo hakuwahi kuoa. Aliwahi. Ndiyo sababu alijua watu watakuwa wapi.

Siku ya nane alifika Bwana Mkunde, afisa wa Jasho, mtu mwembamba mwenye mkoba mpana. Hakupiga hodi, alitoa risiti.

"Faini ya kuchelewa," alisema.

"Walikuwa fungate," Shangazi Chausiku akamjibu.

"Fungate si sababu, bibi. Sababu zinazokubalika ni mafuriko, kifo, na safari ya kiserikali."

Shangazi akampima kwa macho, toka utosini hadi ukuchani. "Wewe, mama yako hakukaa fungate?"

"Alikaa."

"Akatozwa faini?"

"Wakati ule nchi ilikuwa haijaendelea," alisema Mkunde, akaomba maji ya kunywa.

Waliilipa. Sikudhani aliilipa, kwa kweli, maana mshahara wa mwalimu ulikuwa bado uko njiani, na katika nchi ile mishahara ya walimu ilisafiri kwa miguu. Alilipa huku henna haijafifia mikononi, na alijiambia kwamba shari ndogo hukinga kubwa.

* * *

Wakaenda ofisini. Dirishani alikuwepo Mkunde yuleyule, kwa sababu Jasho lilibana matumizi kwa wafanyakazi ili zibaki fedha za kununulia miavuli.

"Mwalimu," alisema, "mkeo ni kiungo gani?"

"Kiungo?"

"Wewe ni kichwa. Huyu naye lazima awe kitu. Tuna mkono wa kulia, mkono wa kushoto, ubavu, na tumbo. Tumbo ni kwa wasio na kipato."

"Mimi ni mwoka mikate," akasema Sikudhani.

Mkunde hakumtazama. "Mwalimu, tafadhali, uambie mkono unyamaze. Sheria hairuhusu kiungo kusema na serikali moja kwa moja."

Sikudhani alimgeukia mumewe akingoja aseme neno. Nyange alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake, akasema, "Mwandike mkono wa kulia." Na Sikudhani, kwa kuwa alikuwa bado anampenda kwa mapenzi mabichi, akajifariji kwamba angalau si wa kushoto.

Walielezwa kwamba namba yake ya kodi, ile aliyoilipia miaka yote, ilikuwa imefariki siku ya ndoa, saa ileile aliposema ndiyo. Ofisi ikampa mume rambirambi. Kuanzia siku hiyo tanuri lilikuwa mali ya kichwa, leseni ilikuwa ya kichwa, na kila mkate uliouzwa ulihesabiwa kuwa umeokwa na Mwalimu Nyange, ambaye katika maisha yake hakuwahi hata kuchemsha yai.

"Lakini anayekanda unga ni mimi," Sikudhani alisema, sheria iwe isiwe.

"Mkono ndio unaokanda," alikubali Mkunde, akiongea na Nyange. "Kichwa ndicho kinachopata."

Hapo hasira ilimpanda Sikudhani mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amelipa kodi tangu enzi za ubikira wake, alikuwa amepanga foleni jua la utosi ili aipe nchi hii haki yake, na leo nchi haikuwa tayari hata kumwangalia usoni. Alitamani apige kioo kile cha dirisha. Lakini mume alimshika kiwiko, wakatoka.

Basi wakashonwa pamoja, mwalimu maskini na mwoka mikate wa kubangaiza, ukatoka utajiri. Kodi ya tajiri huyo ilikula unga, ikala hamira, ikala kuni. Mwezi wa tatu wa ndoa Sikudhani alimwita Mama Tatu na mdogo wake uani, akawaambia hana tena cha kuwalipa. Mama Tatu hakulia. Alisema tu, "Pole, bibi arusi," na neno hilo lilimkaa Sikudhani kifuani kuliko matusi. Ikawa anakanda peke yake, anapasua kuni peke yake, anauza peke yake, na bado hesabu ya Jasho ikawa mbele yake kila alipokimbia.

Mwisho ikatangazwa kwamba kichwa kisipomaliza deni kabla ya Juni kwisha, tanuri litanadiwa. Na kwa kuwa tanuri la udongo halibebeki, litavunjwa kwanza, kisha udongo uuzwe kwa kilo.

* * *

Aliyewaonyesha njia alikuwa Mkunde mwenyewe. Walipomrudia ofisini, aliegemea dirisha, akashusha sauti. "Achaneni."

"Unasemaje?" Sikudhani aliuliza.

"Mwalimu," alisema Mkunde, akimkumbusha Sikudhani utaratibu, "kila mwenye akili katika nchi hii anaachana Juni na kurudiana Julai. Mwaka wa fedha ukifungwa mkiwa mmeachana, mnahesabiwa watu wawili maskini kwa mwaka mzima, deni linafutika, namba ya mkono inafufuka kwa ada ndogo tu ya ufufuo. Julai mnarudiana. Kamishna Mkuu mwenyewe ameshamwoa mkewe mara nyingi kuliko alivyobadilisha miwani, na kila Julai anapewa likizo ya fungate kwa gharama za umma."

"Na masheikh? Na mapadri?" akauliza Nyange.

"Walilalamika. Tukawafafanulia kwamba hii ni talaka ya kihesabu tu. Mungu hapelekewi nakala."

Liko sharti moja, akaongeza. Kwa kuwa wananchi wengine si waaminifu, na huachana huku wanapendana, kitendo ambacho ni hujuma kwa uchumi, Jasho lilikuwa na Ukaguzi wa Ugomvi. Afisa huja nyumbani, waachanao hugombana mbele yake, naye hupima. Wakigombana vya kutosha, hupigiwa muhuri. Wakishindwa, wanarudishwa kwenye ndoa pamoja na faini.

Njiani Sikudhani akasema, "Mume wangu, mimi na wewe tunagombania nini?"

"Hatuna," Nyange alisema. Na ilikuwa kweli, au wote wawili walidhani hivyo.

* * *

Walifanya mazoezi. Nyange aliandika mambo ya kugombania ubaoni, kwa mpangilio, kama mwalimu. Sikudhani alipotakiwa kumlaani mama mkwe alicheka hadi akakaa chini, kwa sababu mama mkwe alikuwa mwanamke wa heri aliyewaletea samaki kila Ijumaa. Wakakubaliana wagombanie chumvi.

Siku ya ukaguzi Mkunde alikuja na muhuri wake, akaketi kwenye kiti bora, akaomba chai. Akapewa na mkate wa mofa moto. Shangazi Chausiku naye alikuja akajibanza jikoni, kwa kuwa hakuna sheria inayozuia shangazi.

"Haya," alisema Mkunde akimega mkate. "Achaneni."

Nyange akakohoa. "Wewe mwanamke, mchuzi wako hauna chumvi!"

"Na wewe," akasema Sikudhani, "ulimi wako hauna... hauna ladha."

Mkunde akatikisa kichwa. "Jamani, hapana. Hapa hakuna machungu. Jana nilikagua mtaa wa pili, sufuria iliruka dirishani, bado nina alama." Akaonyesha bega. "Nyinyi mnatabasamiana. Nikiandika ripoti hii, tanuri linavunjwa. Mwalimu, kuwa mwanaume! Wewe si ndiye kichwa?"

Neno hilo lilimwingia Nyange vibaya. Alimwogopa Mkunde, aliogopea tanuri, na kwa hofu hiyo akainua sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la nyuma. Akapiga meza. Chai ikamwagika.

"Ndiyo! Mimi ndiye kichwa cha nyumba hii!" akanguruma. "Unasikia, Sikudhani? Unanionaje? Unadhani kwa vile unauza vijimkate ndiyo uko sawa na mimi? Hata serikali inanitambua! Kila mwezi inanilipa Posho ya Kichwa, kila mwezi, haijakosa hata..."

Alikuwa ameshasema.

Mkunde aliacha kutafuna. Jikoni kijiko kilianguka.

"Posho gani?" Sikudhani aliuliza. Hakuuliza kwa sauti ya mazoezi.

Nyange akatazama sakafu. Ikabidi Mkunde aeleze, kwa fahari ya mtu anayeipenda kazi yake, kwamba serikali sikivu haikukisahau kichwa. Kuongoza mwili ni mzigo. Kwa hiyo fungu dogo la kodi inayotoka kwenye jasho la kiungo hurudishwa kwa mume kama kifuta jasho cha kuongoza. "Ni siri ya mume na ofisi," alimaliza. "Nilidhani amekuambia."

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu siku ile ya dirishani."

"Mwezi ule nilipowaachisha kazi akina Mama Tatu, ulipokea?"

"Nilipokea."

"Ukaifanyia nini?"

"Nilinunua lile koti."

"Lile ulilosema shule imewagawia."

"Siku, mke wangu, nisikilize. Mwanzoni niliona haya. Nilitaka kukuambia. Halafu kila nikienda wananiita, Kichwa, karibu, Kichwa, keti. Shuleni naitwa Nyange tu, hata na wanafunzi. Mtu anazoea."

Na hapo Sikudhani akagombana. Hakugombania chumvi. Aligombania kila alfajiri aliyopasua kuni peke yake huku kichwa kimelala. Aligombania siku ile dirishani alipongoja neno moja tu, neno moja, akapewa mkono wa kulia. Alimwambia kwamba yule mwizi mwenye mwavuli hamjui, hakula naye, hakumpa mgongo wake amsugue, ndiyo sababu anaweza kumwibia bila aibu; lakini yeye Nyange alikuwa akila mkate wake mezani pake na kulipwa kwa kuula. Alimwambia amemfanya punda, halafu akaenda kwa jirani kupokea nauli ya punda. Alilia, lakini sauti haikutetereka. Mtaa mzima ulisikia, na hakuna aliyecheka.

Mkunde aliandika kwa kasi, machozi ya furaha yakimlenga. "Huu ndio ugomvi!" alisema. "Miaka yangu yote kazini sijaona ugomvi safi namna hii!" Akapiga muhuri mara mbili, akanyoosha mkono kuchukua mofa nyingine.

Sikudhani akaupokonya ule mkate.

"Huu umeokwa na kiungo," akamwambia. "Nenda kaombe kwa kichwa."

Shangazi Chausiku akatoka jikoni na ufagio, na ukaguzi ukafungwa.

* * *

Jasho lilifurahi sana. Redioni Dokta Baragumu aliutaja mtaa wao kwa sifa na kuwataka wananchi waige talaka za kweli badala ya zile za maigizo, zinazolirudisha taifa nyuma. Namba ya Sikudhani ikafufuliwa baada ya mashahidi kuapa kwamba mwenye namba alikuwa hai muda wote. Deni likafutwa, tanuri likapona. Mama Tatu na mdogo wake wakarudi kazini. Nyange alihamia kwa mama yake, yule mwanamke wa heri, ambaye alimpokea, akamlisha, na hakumsemesha kwa siku kadhaa.

Julai ikaingia. Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa fedha foleni ya kurudiana ilizunguka jengo la Jasho, waume na wake wakipiga mihayo, kila mmoja ameshika ada yake. Wa mbele kabisa alikuwa Kamishna Mkuu na mkewe, wakipigwa picha.

Nyange hakwenda kwenye foleni. Alikwenda kwanza uani kwa Sikudhani, amevaa shati la zamani, na doti ya kanga mkononi. Koti alikuwa ameliuza. Ile fedha aliiweka juu ya gogo la kuni pamoja na kanga, wala hakuisemea. Alikonda kweli. Sikudhani alipomwona moyo ulimgeuka, maana moyo hausomi matangazo ya serikali, na alikuwa amemkosa yule mtu wa boflo asubuhi za baridi kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akafuta unga mikononi.

"Nimekosa," Nyange alisema. "Posho nitaikataa. Nimekuja tuanze upya, Siku. Turudiane."

Mama Tatu akainamisha macho kwenye unga wake ili asionekane anasikiliza.

"Nina swali moja," Sikudhani akasema. "Ukinioa tena, tanuri hili litakuwa la nani?"

"Lako. Moyoni mwangu litakuwa lako siku zote."

"Sikuulizi moyoni. Kule dirishani. Mkunde akikuuliza, mbele yangu, utamwambia ni la nani?"

Nyange alifungua mdomo. Sikudhani alimngoja, kwa haki kabisa, kama alivyomngoja siku ile. Alimngoja mpaka moto tanurini ukahitaji kuchochewa.

"Mimi ningefanya nini, mke wangu?" Nyange akasema hatimaye, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Sheria ndiyo inayosema."

"Basi kaioe hiyo sheria," akamwambia Sikudhani.

Akamrudishia kanga yake, akainamia tanuri. Mikate ilikuwa imeiva, na wateja walikuwa wameshaanza kuingia. Walimpita Nyange mmoja mmoja pale mlangoni mwa ua, wakamwamkia kwa adabu, wakaenda kulipa mkononi mwa mwenyewe.